Niliandika Barua ya Sinema, Langat Akang'oa Meno

Mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla hujajua nilichofanya. Kuna mtu anachuma majani chai upande wa Sosiot leo hii ambaye alistahili kuvaa sare ninayovaa mimi. Nilimnyang'anya kwa karatasi moja tu!

Jina langu silitaji. La rafiki yangu nimelibadilisha, nitamwita Langat. Tulizaliwa boma jirani, tukasoma darasa moja, tukatahiriwa mwaka mmoja. Kwetu Wakipsigis hilo la mwisho si jambo dogo. Mtu wa rika lako humdanganyi. Mimi nilimdanganya.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini kulikuwa na gazeti la katuni lililotoka Nairobi kila mwezi. Ndani yake alikuwamo shujaa mmoja aliyeitwa Arap Pengo. Alikuwa mchuma chai, mrefu, shingo ndefu, kikapu mgongoni, na meno mawili ya mbele ya chini hakuwa nayo. Babu zetu walikuwa hivyo. Waling'olewa meno hayo wangali vijana, ndiyo desturi, ingawa sisi watoto wa kanisa tulikuwa tumeiacha. Arap Pengo akipiga mluzi kupitia lile pengo, wezi wa ng'ombe walilegea magoti wakaketi chini kungoja kukamatwa.

Tulimpenda jamani! Mashujaa wengine wote wa katuni walikuwa watu wa mbali. Huyu alikuwa wetu.

Gazeti moja lilisomwa na kijiji kizima. Tulilisomea kwenye kituo cha kuuzia majani, tukingojea lori la kiwanda, ambalo huja linapotaka. Basi mwezi mmoja mhariri akaandika mistari miwili pembeni, kwamba kuna watu wanafikiria kumtoa Arap Pengo kwenye karatasi na kumtia kwenye sinema. Wanafikiria! Hakusema zaidi. Lakini ungetusikia siku hiyo!

Nani atakuwa staringi, yule mkuu asiyekufa mpaka mwisho? Mmoja alimtaja mchekeshaji wa redio. Mwingine akasema hapana, yule ni mfupi, kikapu kitaburuta. Kuna aliyeapa kwamba wataleta Mzungu wampake masizi, na hapo karibu watu wapigane.

"Si Langat huyu hapa?" akasema mama mmoja akiweka kikapu chake chini. "Muangalie hiyo shingo. Ni Arap Bengo kabisa!" Ndivyo wengi wetu tunavyolitamka Pengo.

Watu wote wakamgeukia Langat wakacheka. Langat naye akacheka, lakini niliona alivyojinyoosha.

"Pengo yenyewe hana," nikasema.

Hapo akaingia Ombati. Ombati alikuwa Mkisii, fundi wa baiskeli, na alikuwa na mdomo ambao haujawahi kushindwa. "Pengo ni kitu gani?" akasema. "Wanatia rangi nyeusi kwa meno, imeisha. Sinema yote ni kudanganya watu. Wewe umeona kamera wapi?"

Watu wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Nilishikwa na hasira isiyo na kiasi. Nikamwambia kwamba kwenye kitambaa kikubwa cha sinema jino lililopakwa rangi litaonekana, lazima pengo liwe la kweli. Akasema lete ushahidi. Wiki nzima kila nikifika kituoni, Ombati alinipokea na neno hilo hilo. "Profesa, ushahidi iko wapi?"

Kwa sababu ya hilo tu! Kwa sababu ya kuchekwa na fundi wa baiskeli!

Wakati huo nilikuwa nikijifunza kupiga taipu mjini Kericho. Siku moja mwalimu alipotoka kwenda kula, nikatia karatasi safi kwenye mashine nikapiga barua. Nikaandika kwamba watengenezaji wa sinema ya Arap Pengo wanatafuta kijana kutoka nchi ya chai, awe mrefu, awe hodari wa kukimbia, na awe na pengo la kweli, si la kuchora. Nikaandika kwamba watapita wenyewe kuchagua. Nyumbani nikachonga muhuri kwa kiazi, nikaupaka wino, nikaugonga chini ya sahihi isiyo ya mtu yeyote. Nikasema nimeletewa na binamu yangu anayefanya kazi kwenye mtambo unaochapa lile gazeti.

Ombati aliisoma mara mbili. Akakuna kichwa. "Haya, umeshinda," akasema, akaenda zake.

Ushindi huo ulikuwa mtamu, sikufichi. Nilitembea siku ile kifua mbele. Langat akaniomba ile barua akawaonyeshe watu wa kwao, nikampa bila kufikiri.

Baada ya wiki mbili akaja kituoni amejifunika mdomo kwa kitambaa. Uso ulikuwa umevimba upande wa chini. Akanivuta kando nyuma ya kibanda cha mizani, akaondoa kitambaa, akafungua mdomo.

Ee Mungu wangu! Meno mawili, yale ya mbele ya chini, hayakuwepo. Palikuwa na kidonda chekundu.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Ni yule mzee ya sokoni, ako na koleo. Nilimwambia yananiuma." Alikuwa anaongea kwa shida, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Angalia vizuri. Iko sawa? Iko kama ya Arap Bengo?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache sana: Langat, ile barua ni yangu.

"Iko sawa," nikamwambia. "Sasa wewe ndiye."

Mama yake alinijia nyumbani. Bot Langat ni mwanamke wa maombi, na kanisani walikuwa tayari wameanza kunong'ona kwamba mwanawe amerudia mambo ya kale. Alisimama mlangoni, akakataa hata kiti.

"Wewe ni rika yake. Nani alimwambia atoe meno?"

"Sijui, mama."

"Kama ungejua ungeniambia?"

"Ningekuambia, mama."

Akanishukuru! Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema "kongoi," akaenda zake.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nimemwambia mtu mmoja tu. Kila kijana wa kwetu anajua kwamba wanapoandika askari wanahesabu meno. Unaweza kukimbia kama swala, lakini wakikufungua mdomo wakute pengo, rudi nyumbani. Na Langat alikuwa akikimbia! Tangu shuleni alinishinda kila mbio, yeye wa kwanza mimi wa pili, bila kubadilika hata mara moja. Sisi wawili tulikuwa tunangoja redio itangaze siku ya kuandikwa. Kwa mama yake, mjane, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kutoka kwenye umaskini.

Utaniuliza, je, nilikumbuka habari ya meno nilipokuwa nikipiga ile barua? Naapa sikukumbuka. Lakini nilikumbuka pale nyuma ya kibanda, alipofungua mdomo. Nilikumbuka palepale. Na kabla sijamwonea huruma, nilifurahi. Kidogo tu, kwa muda wa kupepesa jicho, lakini nilifurahi. Nilijiambia kwamba sasa nafasi ya kwanza iko wazi.

Ndiyo hivyo. Nidharau ukitaka.

Redio ikatangaza. Nilidhani Langat hatakuja, lakini alikuja. Aliniambia sinema ni ya baadaye, kwanza apate kazi, na kwamba mtu akikimbia vizuri hawatamwangalia mdomoni. Tulijaa uwanjani, tumevua mashati, baridi ya asubuhi inatutafuna. Wakatukimbiza. Langat alifika wa kwanza, na nyuma yake kulikuwa na nafasi kubwa kabla yangu mimi. Wakubwa wenyewe walimpigia makofi!

Kisha tukapangwa mstari. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikiangalia jasho likimteremka mgongoni.

"Fungua mdomo," akasema afande.

Langat akafungua.

"Meno yako ya chini iko wapi?"

"Niling'oa, afande. Ni ya sinema."

"Ya nini?"

"Ya sinema, afande. Ya Arap Bengo."

Mstari mzima ulipasuka kwa kicheko. Afande mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, akamgusa Langat kifuani kwa fimbo, kwa upole, akamwonyesha lango. Langat akageuka. Alinitazama, akingoja labda niseme kitu, labda nimtetee, maana mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Nikaangalia viatu vya afande.

"Wewe, fungua mdomo."

Nikafungua. Yalikuwapo yote.

Nimekula mshahara huo miaka kadhaa sasa. Nimejengea wazazi nyumba ya mabati. Watu wa kwetu wananitaja wanapoonya watoto wao. Lakini nikipiga mswaki asubuhi natazama pembeni, kioo sikitaki.

Likizo iliyopita niliamua basi. Nilimkuta Langat kwenye kipande cha chai cha mama yake, kikapu mgongoni, mikono inaruka juu ya majani. Msichana mmoja wa Kapsoit aliyekuwa amchumbie alikwisha olewa na mwingine. Bot Langat siku hizi haendi kanisani, miguu imekataa. Lile gazeti la katuni lilikufa zamani, hakuna hata anayelikumbuka.

Nilimwambia yote. Mashine ya taipu, kiazi, Ombati, uwanja, hata ile furaha yangu. Nililia mbele yake kama mtoto. Nilimwambia anipige, na kama angenipiga ningeshukuru.

Hakuacha kuchuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatupa konzi ya majani kikapuni, akanitazama juu mpaka chini.

"Kwa hivyo wamefika," akasema.

"Nani?"

"Watu wa sinema. Wamefika, na wewe unataka nikate tamaa ndio uende wewe."

"Langat, hakuna sinema! Niliandika mimi!"

"Ulinichukulia kazi ya askari, nikanyamaza. Hii hutachukua." Akanikaribia, akaniinua mdomo wa chini kwa kidole kilichokuwa cheusi kwa utomvu wa chai, akachungulia. Akatabasamu. "Hata hawawezi kukutaka. Wewe uko na meno yote."

Akarudi kwenye mstari wake akaendelea kuchuma.

Ewe unayesoma, kama kuna mtu uliyemdanganya, hata kwa mzaha, hata kwa kushinda ubishi, inuka uende kwake leo. Usingoje likizo! Mimi nilikwenda na ukweli wangu wote mkononi, na mwenyewe akaukataa, kwa sababu uongo wangu ndio kitu pekee nilichomwachia.