Mwanamize Amwombea Mkwewe Ruhusa

Harub alimkuta mkewe Nasriya kwenye benchi la kituo cha afya cha mtaa wao kule Darsait, nchi ya Waarabu, kabana kitambaa cha damu sikioni. Alimkamata nywele na mtandio pamoja, akamburura mbele ya wagonjwa, na pale mlangoni akamgongesha kichwa ukutani. Nasriya alipoinua mkono kujikinga, akausokota mpaka mfupa ukaalika.

Aliyempasha Harub habari ni binamu yake Sleyum, karani wa kuandikisha wagonjwa. Kila Nasriya akitokea, Sleyum hupiga simu. Na Nasriya hakuwa na pengine pa kwenda. Mwaka ule wa 2001 mtu alitibiwa kwenye kituo cha mtaa wake, na pasipo barua ya kituo hicho hospitali kubwa haikumpokea ila kwa dharura.

Mkono ulifungwa plasta hospitalini kwa hiyo dharura. Lakini sikio lilikuwa linatoka usaha, na sikio lilitaka barua.

Mwanamize, mamake Harub, alimlea mwanawe huyo peke yake tangu walipotoka Unguja. Miaka miwili alizisikia kelele za chumba cha pili akajiambia ya mume na mke hayaingiliwi. Asubuhi ile alivaa abaya, akamshika mkwewe mkono mzima, wakaenda idara ya afya kuomba kituo kingine.

Ofisa, kijana aitwaye Yaqdhan, aliwajibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, akimwita Mwanamize khala, yaani mama mdogo.

"Khala, kila mtu na kituo cha mtaa wake. Hatutoi ruhusa ya kuhama ila kwa sababu maalumu."

"Sababu nnayo." Mwanamize alimfunua Nasriya uso.

Yaqdhan aliutazama, kisha akainamisha macho. "Nani kamfanya hivi?"

"Mwanangu. Na karani wa huko ni nduguye, ndiye anayemwita."

"Nikiandika hivyo, khala, itafika polisi."

"Andika. Jina lake Harub, nimemzaa mwenyewe."

Ruhusa ilitoka: Nasriya atibiwe upande wa Sidab, karibu na kwa shangazi yake. Walikuwa wanafunga nguo Harub alipoupiga teke mlango.

"Umenishitaki, mama?"

"Nimesema ulilofanya."

Alimkaba koo mamake, akamtupa chini. Kisha akamgeukia Nasriya, akaanza kumkanyaga ule mkono wa plasta. Mwanamize alitambaa mpaka jikoni. Alirudi na mchi wa kinu, akampiga nao gotini. Harub akaanguka akipiga mayowe. Akampiga tena, na tena, meno yakatapakaa sakafuni, na hakuacha mpaka majirani walipompokonya mchi.

Harub alitoka hospitali akaingia jela. Sleyum aliondolewa kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, na Mwanamize hakumsalimu tena. Nasriya alipewa talaka yake, akatibiwa Sidab, lakini sikio lile halikusikia tena. Mwanamize alihamia kwa shangazi pamoja naye, na wakiulizwa kituoni huyu ni nani wako, alijibu, "Binti yangu."

Kuna siku Mwanamize hulia akiwa anapika. Nasriya, akiwa kampa upande wa sikio lile, hasikii. Humkuta tu macho mekundu, akampokea mwiko, akaendelea kukoroga.