Mji Ulioingia Ndani ya Mshono

Sikutaka kuandika haya. Binti wa mdogo wangu ndiye aliyeniletea daftari na kalamu mbili, akanikalisha mezani kama mtoto aliyekimbia kazi ya shule, akasema, "Shangazi, habari za baba unazijua wewe peke yako." Uongo. Mama yake anazijua, ila mama yake akianza kusema hamalizi. Mimi darasani nilikaa miaka mitatu tu, baada ya hapo ni cherehani, miaka arobaini na kitu ya kushona sare za shule. Kwa hiyo herufi zangu zikikaa upande, ziacheni hivyo hivyo. Nguo zangu hazijawahi kukaa upande.

Mdogo wangu alikuwa karani katika ghala la vitabu vya shule. Kazi yake ilikuwa kuandika juu ya maboksi mahali yanapokwenda. Maboksi yalienda kila pembe, yeye akabaki. Siku moja aliniambia ameshaandika majina ya miji mia nne na hajakanyaga hata sita. Nadhani ndipo alipoanza kutengeneza nchi yake mwenyewe, nyuma ya fomu zilizoharibika. Kwanza mlima. Kisha mto. Kisha akaona huku juu panakalika na kule bondeni panakalika, akaweka watu pote pawili, na watu wakishakuwa pande mbili hawakosi kugombana, basi akawapa wafalme, mabaraza, na mkataba wa amani wenye vifungu kumi na viwili. Miaka thelathini. Makaratasi yote yalikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Wifi yangu, mkewe, alikuwa akiwaambia wageni, "Mwenzenu ana nchi. Mimi nina sanduku linalonigonga mguu."

Nilikuwa nacheka pamoja na wifi, mpaka siku mdogo wangu aliponiletea ramani nimshonee mfuko wa kuitunzia. Nikaiangalia. Mto ulikuwa unapanda mlima. Nikamuuliza mbona maji yanakwenda juu, akasema huo ni mto wa kifalme. Nikamwambia mfalme awe nani awe nani, maji hayana habari naye. Alikunja karatasi yake akaondoka bila kuaga, na wiki tatu hakunipitia. Siku aliporudi, mto ulikuwa unashuka.

Tangu hapo nikanaswa. Niko kwenye cherehani, nageuza kola, kichwani najiuliza: wale wa mlimani, chumvi wanapata wapi? Maana alikuwa amewapa mbao, asali na mawe ya kusagia, lakini chumvi yote iko kwa watu wa bondeni. Nikamuuliza. Akasema kifungu cha tano kinaruhusu chumvi kupanda. Nikamwambia kifungu hakina mabega. Gunia analibeba nani? Analala wapi? Akiugua njiani, nani analinda mzigo wake? Na huyo anayeshuka na asali, wanakutana wapi, na mizani ni ya nani? Alinitolea macho. Halafu akatoa penseli. Ndivyo ulivyopatikana mji wa mpakani, mdogo tu, nusu huku nusu huku: kisima katikati, nyumba ya kulala wachukuzi, na mizani mbili, kila nchi na ya kwake. Mizani ya pili niliiweka mimi. Nimenunua vitambaa sokoni maisha yangu yote, najua kwa nini.

Mwaka huu alistaafu. Binti yake akachukua karatasi moja, akampelekea mama mmoja anayetengeneza michezo ya mezani, ile ya kete na kadi. Yule mama akasema atakuja Jumamosi asubuhi kuiona nchi nzima ikiwa imetandazwa, siyo vipande vipande. Akiona watu wanaweza kuicheza, ataichapa. Mdogo wangu akaja kwangu na sanduku zima begani. Nilidhani ana furaha. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema taratibu, "Dada, akiikataa, naichoma. Nimechoka kuishi huko peke yangu."

Niliondoa nguo za watu mezani, nikamkatia vipande viwili vya kitambaa kizito cheupe, kila kimoja urefu wa kitanda. Kimoja cha mlimani, kimoja cha bondeni. Siku nne alichora kwa wino usiofutika, mgongo umepinda kama ndoano, na Ijumaa mchana akaniachia niviunganishe.

Sasa hapa. Kila fundi anajua kitambaa huachiwa nafasi ya mshono, upana wa kidole gumba kila upande. Mkono wangu hauulizi mtu, unajua. Nikalinganisha kingo, nikabana pini, nikapiga mshono mmoja ulionyooka kama uzi wa mwashi, nikapitisha pasi. Ulikuwa mshono mzuri. Jumamosi asubuhi tukaitandaza nchi sakafuni kwao. Mdogo wangu akapiga magoti, akapitisha kidole mpakani kutoka mwisho hadi mwisho, akarudi tena alikotoka.

"Dada, mji uko wapi?"

Yeye alikuwa amechora hadi ukingoni kabisa, kama karani anavyojaza fomu. Na mimi sikuwa nimemwambia aache nafasi. Mji wote, na kisima chake na mizani zake, ulikuwa umeingia nyuma, ndani ya mshono. Mlima ulikuwa umekalia mashamba ya chumvi, katikati hakuna hata kijia.

"Uko ndani," nikasema.

"Fumua."

Nikamwambia sifumui. Nikasema matundu ya sindano yatabaki, kitambaa kitatoka nyuzi, na mgeni yuko njiani. Yote kweli, lakini siyo sababu. Wifi alisimama mlangoni na sinia la chai. Tukasikia hodi.

Yule mama alivua viatu, akaizunguka nchi polepole, mikono nyuma. Aliuliza habari za mabaraza, nani anamchagua nani, na mdogo wangu akamjibu kwa sauti ndogo kama mtu anayesomewa mashtaka. Kisha mgeni akasimama penye mpaka. Akauliza chumvi inapandaje. Mdogo wangu aliniangalia mimi, akainama, nikaona mkono wake unatafuta sanduku.

Basi nikapiga magoti, na magoti yangu hayapendi. Nikashika pindo, nikaigeuza nchi, nyuma ikawa juu. Nikainua zile kingo mbili za mshono, nikazitenganisha kwa kidole: nusu ya mji huku, nusu huku, zinatazamana kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

"Inapitia hapa," nikamwambia. "Wafalme wakitandaza ramani hawauoni. Kila mmoja anadhani nchi yake inagusana na ya mwenzake. Wachukuzi tu ndio wanaojua pa kutia kidole."

Nilikuwa nasema tu. Yule mama naye akapiga magoti, akatia kidole. Akauliza, kama hawauoni, ushuru anatoza nani? Nikafungua mdomo, mdogo wangu akanitangulia: hatozi mtu, ndiyo maana mbao zote nzuri hupita hapo. Na wizi ukitokea? Anahukumu mwenye zamu ya kisima. Na mfalme akisikia fununu? Atatuma askari, nao watarudi waseme hawakuona kitu, midomo yao inanata asali. Sijui aliyatoa wapi. Chai ilipoa. Wifi akawa ameketi sakafuni, anataka kujua wanawake wanapata zamu za kisima au hawapati.

Ataichapa. Karatasi itakunjwa penye mpaka, na mchezaji akitaka kuuza au kununua, lazima afungue mkunjo.

Mpaka leo mdogo wangu anawasimulia watu kwamba dada yake aliuficha mji makusudi. Sijawahi kumsahihisha. Nilisahau, mdogo wangu. Nilisahau kukwambia uache nafasi, na nilikuwa radhi nchi yako iungue kuliko mimi kufumua mshono wangu. Haya, umesoma.

Limebaki moja. Yule mama anataka jina la mji kabla ya mwisho wa mwezi. La zamani lilikuwa la mfalme wa saba, na mfalme wa saba hajui kama mji upo, basi halifai. Mdogo wangu analeta majina marefu kama treni, nami nayarudisha. Wewe unayesoma, usifunge daftari ukaenda zako hivi hivi. Ukurasa wa mwisho nimeuacha mtupu. Chukua kalamu, andika jina ambalo mtu mwenye gunia la chumvi kichwani anaweza kuliita bila kusimama. Na uandike kwa herufi kubwa, nilisome mwenyewe.