Siku Nilipombeba Jemadari Mgongoni

Msicheke kwanza. Najua wengine mlikuwepo siku ile kule bondeni kwa mkwe wangu, na wengine mmesimuliwa na wake zenu (ambao waliongeza chumvi), lakini mimi mwenyewe sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu, maana kila nikianza aibu inanipanda mpaka masikioni. Leo nasema. Nilimbeba mbwa mgongoni, kwa mbeleko ya mke wangu, mchana kweupe, nusu ya kijiji cha Ihanda inatazama, na chanzo chake chote kilikuwa wivu, wala msitafute kitu kingine.

Nianze na Anania. Anania ni mwanyumba wangu, yaani yeye kaoa dada mtu na mimi nimeoa mdogo mtu, mabinti wa Mzee Simoni. Enzi hizo za Mwingereza sote wawili tulifanya kazi kwa setla mmoja wa kahawa, njia ya kwenda Nanyala, mimi kwenye mashine ya kumenya kahawa, nanuka maganda msimu mzima, na yeye mpishi, kanzu nyeupe, viatu. Viatu, jamani! Kila alichokuwa nacho Anania kilinikaa hapa kooni. Akicheka, nilijua ananicheka mimi. Akinyamaza, ananidharau. Akimpelekea mkwe kuku, mimi nilikosa usingizi nikitafuta mbuzi.

Basi mbwa jike wa yule setla akazaa. Si mbwa kama hawa wetu wa kulamba vyungu, hapana, lilikuwa jibwa, likisimama kichwa kinakufika kiunoni. Mzungu akampa Anania mtoto mmoja, dume. Niliposikia nilikwenda mwenyewe nikavua kofia, nikaomba, nikabembeleza, hata nikaahidi kufanya kazi Jumapili (mimi, mtoto wa mzee wa kanisa!), mpaka nikapewa ndugu yake. Anania wa kwake alimwita Koplo. Mimi wa kwangu nikamwita Jemadari, ili ijulikane mapema nani atampigia nani saluti.

Sasa Mzee Simoni alikuwa na shamba lake bondeni, kando ya kijito, udongo mweusi, unatupa mbegu na kugeuka tu imeota, ila nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi na yeye magoti yalishamshinda, hawezi tena kukesha akipiga debe. Akatuita. "Wakwe zangu," akasema, "nyote mna mbwa wa kizungu. Wakishakua kua, siku ya ujima wa kuvuna maharage mtakuja nao. Nitakayeona mbwa wake anafaa kulinda, bonde lile nampa alime yeye na mke wake, na watoto wao baada yao."

Raheli, mke wangu, hakusema neno mbele ya baba yake, lakini tulipofika nyumbani aliimba huku anatwanga, na Raheli haimbi hovyo. Shamba letu lilikuwa juu kilimani, mawe matupu, kila mwaka ukifika mwezi wa kwanza tunaanza kukopa unga kwa majirani. Bonde lile lilikuwa shibe ya watoto wangu. Hilo nililijua. Lakini nisiwadanganye, usiku nilipofumba macho sikuona mahindi, nilimwona Anania amesimama pembeni na viatu vyake, ananitazama mimi nalima bondeni.

Akaja kwangu siku moja, amekaa kwenye kigoda changu, anamtazama Jemadari anavyokula. "Mwanyumba," akasema, "usimshibishe hivyo. Mbwa wa mbegu kubwa anakimbilia kurefuka kabla mifupa haijakaza, ukimnenepesha uzito unamwangukia miguuni. Mimi wangu nampa kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, uji wa mahindi na nyama nyama, basi. Na usimrushe rushe, mwache acheze mwenyewe, akichoka alale."

Maneno mazuri, sivyo? Sasa sikilizeni yalivyoingia kichwani mwangu. Mimi nilisikia hivi: Anania anaogopa. Ameona Jemadari anamzidi Koplo ndiyo maana amekuja kuniroga kwa ushauri. Nikamshukuru sana, nikamsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote, nikarudi nikamwongezea Jemadari bakuli.

Nilimpa ugali wenye mafuta ya nguruwe. Nilimpa machicha ya pombe, nilimpa maharage, nilimpa ndizi. Nilimpa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja tuliyekuwa naye, na hapo ndipo Raheli alipoacha kuimba. "Baba Yona, na watoto wanywe nini?" Nikamjibu, "Watakunywa tukipata bonde." Kila Jumamosi nilikuwa napita kwa Anania nikijifanya namsalimia shemeji, nampapasa Koplo kifuani, kumbe kiganjani nina kamba, nampima! Nikirudi nampima wa kwangu kwa kamba ile ile, naona amezidi, nacheka peke yangu. Koplo mbavu zilikuwa zinahesabika. Nikasema maskini, mpishi mzima ana njaa nyumbani.

Jemadari akawa mkubwa kweli. Akawa pipa. Miguu ya mbele ikaanza kupinda kwenda nje, akitembea anapiga hatua chache anakaa, anahema, ananitazama. Raheli akasema mbwa huyu anaumwa. Nikasema huyu ni Jemadari, jemadari hatembei tembei ovyo kama koplo. (Ndiyo, nilisema hivyo, na nilijiona nina akili.)

Siku ya ujima ikafika. Raheli alitangulia alfajiri na watoto. Mimi nikapiga mswaki, nikavaa koti, nikamfunga Jemadari kamba mpya, tukaondoka. Hatukufika hata kwenye mti wa jirani, akalala chini. Nikamvuta, akalia. Nikambembeleza kwa kipande cha nyama, akala nyama akabaki pale pale. Jua linapanda, huko bondeni nasikia watu wanaimba, na katika sauti zile naapa niliisikia ya Anania. Ningemwacha mbwa nikaenda mikono mitupu? Ningesubiri kesho? Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nilirudi nyumbani kweli, nikachukua mbeleko ya Raheli iliyokuwa inaning'inia mlangoni, nikachuchumaa, nikamvuta yule mnyama mgongoni, nikafunga fundo kifuani, moja na jingine juu yake. Mpango wangu ulikuwa nifike karibu, nimshushe nyuma ya kichaka, tutokeze pamoja kama wanaume.

Uzito ule, ndugu zangu! Jasho linaniingia machoni, ulimi wake uko shingoni kwangu, natembea nimeinama. Nikakutana na kina mama wawili wa Isansa, wakasimama, mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa, "Baba, mtoto anaumwa nini?" Nikapita.

Nimekaribia kushuka bondeni, njia inakata kona, ndipo nikamwona mama mkwe wangu anakuja mbele yangu na wanawake wengine, vichwani wamebeba vikapu vya chakula cha wavunaji. Nyinyi mnajua desturi yetu. Mama mkwe hukutani naye uso kwa uso. Ukimwona, unatoka njiani, unaingia majanini, unampa mgongo mpaka apite, na yeye naye anageuka. Mwanamume mwenye adabu haulizi, anaingia tu. Nami nikaingia. Nikampa mgongo.

Na mgongoni alikuwepo nani? Jemadari! Uso kwa uso na vikapu, na kimojawapo kina nyama ya kukaanga. Mbwa ambaye asubuhi nzima alishindwa kusimama, sasa akapata nguvu za ajabu. Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, mafundo yakagoma kufunguka, nami nikaenda naye, chali, tukabingirika kutoka majanini mpaka katikati ya njia, tukasimama miguuni pa mama mkwe wangu, mimi juu naangalia mbingu, miguu hewani, mbwa chini yangu anapiga kelele, kikapu kimemwagika, na macho yangu na ya mama mkwe, Mungu anisamehe, yakakutana.

Wanawake walipiga yowe, kisha wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Watu wakapanda mbio kutoka bondeni wakidhani kuna chui. Mzee Simoni akaja na fimbo yake, Anania akaja, Koplo mbele yake, mwepesi, masikio juu, akalibwekea lile furushi mpaka likanyamaza. Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga usoni, amegeukia mlima. Hawezi kusema na mimi, kwa hiyo akasema na dada yake aliyesimama karibu, lakini kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mwambieni huyo mtu, mbeleko ile nilimpa mwanangu abebee wajukuu wangu. Na mwulizeni, wajukuu wangu wamekondeana hivi, yeye anamnenepesha nani?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mimi bado nimefungwa na mbwa, nikageuza shingo nikamwona Raheli kati ya watu, amemshika mtoto wetu mdogo mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mbwa yule aje nikautazama mkono wa yule mtoto. Ulikuwa mwembamba. Niliwapima mbwa wawili kila wiki kwa kamba, na mwanangu sikumwona.

Anania ndiye aliyekata mafundo. Akaipapasa miguu ya Jemadari taratibu, akasema, "Nilikuambia, mwanyumba. Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa?"

Mzee Simoni naye hakuwa na haja ya kusubiri nguruwe. Alimnyooshea Anania fimbo, akaonyesha bonde, akarudi kwenye maharage yake. Mimi nililipa jogoo wa kumwomba radhi mama mkwe, nikamkabidhi Anania yule mbwa ampunguze unene na kumlea, maana mimi sikustahili kupewa hata kifaranga. Miguu ilinyooka kidogo, si sana. Nilipokwenda kumchukua, alinusa mkono wangu, akatingisha mkia kwa adabu, akarudi kulala mlangoni kwa Anania. Nikamwacha huko huko, alinde bonde ambalo mimi ningelilima.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, unga ulipokwisha, Raheli alitwaa kikapu akaenda kwa dada yake. Akarudi na mahindi ya bondeni, punje nene, akapika, watoto wakala mpaka wakalala pale pale kwenye mkeka. Akaniwekea na mimi. Hakunisema, na afadhali angenisema. Nilikula mahindi ya Anania, yalikuwa matamu, na kila tonge lilinichoma.

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: mtu ninayemwonea wivu akija kukaa kwenye kigoda changu aniambie jambo, nitamsikiliza mpaka mwisho, kisha nitafanya alivyosema. Nitauma meno, lakini nitafanya.