Mbuzi wa Kumshukuru Wakala

Mashine ya kusaga ya shangazi yangu pale Kewanja iliungua siku ileile aliyoikatia bima. Asubuhi wakala alikuja na fulana ya kampuni, akapokea malipo, akasema mbele yangu, "Shangazi, kuanzia sasa lala usingizi, bima imeanza." Jioni shoti ya umeme ikala mota, mikanda na paa. Shangazi ni mjane, na ile mashine ndiyo ilikuwa mume wake, shamba lake na ng'ombe wake.

Kesho yake wakala akaja jasho likimtiririka. Karatasi alikuwa bado hajazifikisha ofisini, na ofisi ikisikia moto itamkana. Itasema kazi yake ni kuleta wateja tu, hana mamlaka ya kuanzisha bima kwa mdomo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia, "Mura, we kijana, huo mdomo nitaung'oa meno yote!" Shangazi akanifukuza nikamfunge mbuzi kamba.

Kwetu, mshenga akienda kuposa, neno lake ni neno la ukoo. Akishakubali ng'ombe, wazee hawawezi kugeuka kesho waseme alijisemea. Na shangazi anaamini kwamba mjumbe akifanya kazi vizuri, shukrani zinakwenda kwa waliomtuma. Basi tukampakia mbuzi kwenye bodaboda hadi ofisi ya kampuni, Tarime mjini. Loo, alivyolia njiani! Watu walidhani tumemwiba.

Ofisini wateja walikuwa wamejaa. Meneja akatoka. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta shukrani. Yule kijana wa Kewanja mwenye fulana yenu, ni wenu kweli?"

"Wetu kabisa, mama!"

"Mlimtuma nyinyi? Akipokea pesa mmepokea nyinyi? Akisema bima imeanza, imeanza?"

Meneja, macho kwa mbuzi na masikio kwa wateja, akatanua kifua. "Mama, akisema yeye, tumesema sisi." Akapokea kamba kwa mikono miwili, wateja wakapiga makofi. Mimi nilijing'ata ulimi nisicheke.

"Asante. Basi jana asubuhi alisema imeanza. Jioni mashine yangu ikaungua."

Mungu wangu, ule uso! Mara kuna taratibu, mara wakala ana mipaka yake. Mzee mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti, "Na sisi tuliokatiwa na mawakala, je?" Foleni nzima ikamgeukia meneja. Akampigia wakala simu aje na karatasi zake, waandike madai ya mama. Yalikuja kulipwa.

Lakini siku ile meneja alimuuliza shangazi, kwa uchungu kabisa, kwa nini hakumwambia habari za moto tangu alipoingia.

"Mwanangu," shangazi akasema, "ningeanza na moto, ungemjua huyo kijana?"