Nilimwaga Dawa ya Presingi Ardhini, Sasa Jirani Anabeba Lawama Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la mtaa, maana hapa Goma habari haina mlango. Nina miaka arobaini na mmoja, nimeolewa, nina watoto wanne. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza tukaneni, mimi mwenyewe nimeshaanza.

Familia ya mume wangu ilikuwa na presingi katikati ya mji. Walisafisha suti na makoti bila maji, kwa dawa kali yenye harufu tamu ya kulevya. Masalio ya dawa yaliletwa nyumbani kwa madumu, na nilipoolewa kazi ya kuyamwaga ikawa yangu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ufa kwenye lava. Mnajua wenyewe, kuchimba shimo la taka kwenye lava ni adhabu, kwa hiyo mwenye ufa kiwanjani kwake hujiona amebarikiwa. Siku ya kwanza niliogopa, nikamuuliza baba mkwe ile dawa inakwenda wapi. Alicheka.

"Mutoto wangu, lava inamezaka yote. Inashukaka mpaka kwa moto wa mulima, inaungulia kule."

Mimi niliyekulia Masisi kwenye udongo ningejua nini? Nilimwaga dumu baada ya dumu, miaka na miaka. Volkano ililipuka, tukakimbilia Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi niliendelea kumwaga.

Kisha waasi wakaingia mjini. Baba mkwe alifariki siku hizohizo kwa presha, na barabara ya makaburini haikupitika. Tulikaa na maiti siku mbili. Siku ya tatu mume wangu na kaka zake walichukua nyundo, wakaupanua ule ufa, tukamlaza humo na kufunika kwa saruji. Presingi nayo ikafa, maana nani anapeleka suti kusafishwa vita vikiwa mlangoni?

Wakimbizi walipojaa mtaani, mabomba yakiwa makavu, shirika moja lilichimba kisima cha pampu kwenye uwanja wa kanisa, nyuma ya ukuta wetu. Tulipiga vigelegele, mimi nikiwa mbele. Naapa, haikunijia akilini kwamba dawa na maji vingekutana huko chini. Hadi siku moja nilipofunua ndoo jikoni nikasikia ile harufu. Nilikaa chini palepale. Nikajiambia ni mawazo yangu tu, nikanyamaza, na watu wakaendelea kunywa. Hapo sina cha kujitetea.

Baadaye wahandisi walikuja kupima, wakafunga pampu kwa mnyororo. Sasa akina mama wanashuka hadi ziwani na watoto mgongoni. Wahandisi walitukusanya kanisani wakatueleza kwamba maji yanaweza kusafishwa: watanyonya hewa yenye sumu kutoka ndani ya miamba, na maji watayachuja kwa makaa maalumu. Lakini lazima wajue sumu ilimwagwa wapi, la sivyo watahangaika miaka bure. Walisema ni dawa ya kuondoa mafuta, hata kwenye vyuma. Waliposema vyuma, watu wote waligeuka kumtazama Papa Kasereka, jirani yetu fundi magari.

Tangu siku hiyo gereji yake imefungwa. Vijana wanarusha mawe getini kwake wakimwita mtia sumu, na katika siku hizi za bunduki neno hilo linaweza kumuua mtu. Nilimwambia mume wangu kwamba tukiri. Alinitazama kama mgeni.

"Unataka batoboe kaburi ya papa wangu sababu ya mayi? Kama unasema, unarudia kwenu."

Kwetu ni kule Masisi, na kijiji chetu hakina mtu tena. Na sitadanganya, hata mimi naogopa kumwona baba mkwe akitolewa mle. Alinipenda kuliko mwanawe anavyonipenda.

Jana Papa Kasereka alikuja kwangu. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona bila grisi, ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mama, weye unanijua," alisema. "Tangu tuko majirani, ulishaniona namwaga kitu? Ukuje useme ile mbele ya ba enjeniya. Weye batu banakuheshimu, batakusikia."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini tena? Alinishukuru hadi machozi yakamtoka, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Wahandisi wanarudi keshokutwa. Nikisema nilichofanya, napoteza ndoa na watoto, na huenda mawe yakahamia kwetu. Nikikaa kimya, maji hayatasafishwa, na Papa Kasereka sijui kama ataufikia mwezi ujao. Kumtetea nimeshaahidi. Lakini nikisimama kusema si yeye, mhandisi ataniuliza, "Basi ni nani?" Ndugu zangu, hapo nijibu nini? Nishaurini leo, kesho nitakuwa nimechelewa.