Vibanzi vya Chini ya Sanduku

Juzi nilimtembelea mjukuu wangu Milimani, akanionyesha stovu ya kuni aliyonunua kwa sababu ya baridi. Alipoingiza mkono kwenye kikapu cha vijiti vya kuwashia, harufu ilinifikia kabla ya moto: mkojo wa panya. Nilitoka nje nikatema mate kwenye maua yake. Unisamehe, rafiki. Mungu amenizoeza mambo mengi, lakini harufu hiyo bado.

Miaka ya hamsini tuliishi kwenye shamba la mzungu, upande wa Elmenteita. Nyanya yangu alikuwa na stovu kuukuu ya chuma iliyotupwa kutoka jikoni kwa bwana shamba. Tanuri yake ilikuwa na ufa uliopitisha moshi, lakini humo ndimo alimooka mkate wa Meza ya Bwana. Mchungaji alifika mara moja baada ya miezi mingi, na siku hizo za Hali ya Hatari watu wa mashamba mengine hawakutembea bila kibali. Mkate ungeharibika, waliokuja wangerudi bila kushiriki.

Kazi yangu ilikuwa vibanzi vya kuwashia moto. Nyanya alinifundisha kuchagua mwerezi uliokauka ukiwa umesimama, kwa kuwa uliolala chini hunywa maji. Tuliupasua vipande vyembamba kama kidole, naye alikigusisha kila kimoja mdomoni kuona kama kina unyevu. Mimi nilijikaza nisitapike, maana nilijua mende walikuwa wamepita wapi. Vibanzi vilikaa ndani ya sanduku la majani ya chai kando ya stovu. Kila Jumatano nilipaswa kumimina vyote, kufagia, kuvianika, kisha kurudisha vya chini vikiwa juu.

“Umemimina?” aliuliza.

“Nimemimina, nyanya.”

Uongo. Nilirundika vipya juu ya vya zamani tu. Wakati fulani niliingiza mkono mpaka chini, mende akapanda hadi kwapani, nikambana, ute wake mweupe ukanichuruzika ubavuni. Tangu siku hiyo sikugusa chini tena.

Jumamosi moja ya masika, mkate ukiwa tayari ndani ya tanuri, moto ulianza kulegea. Vibanzi vya juu vilikuwa vimekwisha. Nyanya alichota vya chini kwa mikono miwili, katika giza la jikoni, akavisukuma vyote motoni. Tulisikia milio midogo, midogo sana, kisha kimya. Kilikuwa kiota cha panya. Harufu ya manyoya yanayoungua na mkojo uliochemka ikajaa jikoni, ikapenya ule ufa, ikaingia kwenye mkate. Unga mwingine haukuwepo.

Kesho yake nyanya alisimama mbele ya kanisa. “Mkate unanuka panya,” alisema. “Jiko ni langu, na uchafu ni wangu.”

Hakunitazama. Mchungaji aliunusa, akageuza uso.

Ndipo jirani yetu, ajuza mgonjwa aliyeletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, akacheka kwa sauti. “Mchungaji, Bwana alizaliwa zizini! Unadhani huko hakukuwa na panya? Lete hapa. Mimi sina miezi ya kungoja.”

“Mama, na ukikuta unyoya?” mwanamume mmoja akamtania.

“Nitautafuna, bora kuliko ugali wa mke wako!”

Watu wakacheka, hata mchungaji. Akaumega mkate. Mimi nilikuwa bado sijabatizwa, nikasimama mlangoni nikiangalia makoo yakimeza, moja baada ya jingine. Nyanya alikuwa wa mwisho. Alitafuna polepole, mno. Nilikimbia nyuma ya kanisa nikatapika.

Jioni nilikiri. Nyanya hakunipiga. Alilivuta sanduku mpaka uani, akasema, “Toa kwa mikono yako.” Nilitoa yote huku nikilia: vibanzi vilivyooza, mavi, mabawa ya mende, na kitu laini ambacho mpaka leo sitaki kukitaja.

Jiko lile lilibomolewa, mierezi ikakatwa, na waumini wale wote wamelala. Tangu hapo nimepokea mikate mingi, myeupe, isiyo na harufu yoyote, na ninamshukuru Mungu kwa kila kipande. Lakini sijaona tena kanisa zima likimeza uchafu wa mtoto mmoja, kisha likasimama likaimba.