Hakunilaani Yule Mama Niliyemsingizia Mbao za Jikoni

Admin, naomba ufiche jina langu, na kijiji usikitaje. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, nina mke, watoto watano na wajukuu wengi. Naishi huku milimani Lushoto. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, leo siku ya pili, kwa sababu jambo hili siwezi kumsimulia mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kijana, fundi rangi. Fundi mmoja mzee wa misheni kule Mlalo alinifundisha kazi ambayo vijana wa leo hawaijui, kuipaka mbao ya hovyo mpaka ionekane mbao ya maana, tena ya zamani. Unaanza na rangi ya manjano iliyopauka. Ikikauka unapitisha kahawia uliyoizimua kwa mafuta, kisha unaiburuta kwa brashi kavu mpaka mistari ya mti itokee. Macho ya mbao, yale mafundo ya duara, nilikuwa nayatengeneza kwa kidole gumba nilichokifunga kitambaa. Nilikuwa na majivuno na kazi ile, siwafichi.

Kijiji chetu kilirithi nyumba ya mzungu aliyeondoka baada ya Uhuru, tukaifanya nyumba ya wageni. Jiko lake lilikuwa na kaunta ndefu za mkulo, mti wa huku kwetu ambao mbao zake hunukia na mchwa hawazigusi. Mpishi na mshika funguo alikuwa mjane mmoja, nitamwita Mama Zaina. Aliniita mwanangu, na sikuwahi kupita pale nikaondoka na njaa.

Siku moja, Mama Zaina akiwa amekwenda msibani Mgwashi, mwenyekiti wa kijiji aliniita jikoni mle. Kaunta zilikuwa zimeng'olewa, pamepigiliwa mbao nyepesi za masanduku. "Kuna wageni wakubwa wanakuja," akasema. "Zifanye zifanane na zile za zamani. Na ile habari ya posa yako, tutaizungumza." Binti niliyekuwa nimemposa alikuwa wake. Sikuuliza za mkulo zimekwenda wapi. Nilipaka siku mbili, nikachora mpaka alama za visu na madoa ya sufuria za moto. Wageni walikuja, wakala, wakasifu jiko.

Mama Zaina aliporudi alipitisha kiganja juu ya kaunta, akainama, akaniambia, "Mwanangu, hizi hazinuki." Alimwendea mwenyekiti kuuliza, akaambiwa zile za zamani zimepelekwa kurandwa, akae kimya. Akakaa kimya, maskini, na baadaye kimya hicho kikageuzwa ushahidi dhidi yake.

Masika yalipokwisha, mvuke wa jikoni ulikuwa umeshaibandua rangi yangu, na kijiji kizima kikaona mbao za masanduku. Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeniuliza mbele ya watu, akinitazama usoni, "Fundi, nani alikuita upake?"

Nikasema, "Mama Zaina."

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilikuita lini?" Nikatazama chini. Akahesabiwa mwizi wa mbao, akanyang'anywa funguo palepale. Tangu siku hiyo hata mtoni wanawake wenzake walimkwepa. Haukupita mwezi, alimbeba binti yake mdogo mgongoni akahamia kwa kaka zake, Korogwe.

Siku ya kuondoka alipita kwetu kumuaga mama yangu. Nilijificha nyuma ya nyumba nikisubiri anilaani. Huku kwetu mama mtu mzima akikulaani, pa kwenda panajulikana. Wazee wanakaa, uliyemkosea anatema maji, unafunguliwa laana. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa hilo. Nikamsikia akimwambia mama, "Mlee vizuri mwanao, ana mikono mizuri." Akashika njia. Kwa hiyo sikupata laana, na asiyelaaniwa hana cha kufunguliwa.

Nimeishi miaka yote hii nikisubiri. Mtoto akipata homa, najisemea ndiyo hii imefika. Mtoto anapona. Kazi ya kuchora mbao niliiacha, kwa sababu kila jicho nililolitengeneza lilikuwa linanitazama, na mpaka leo siwezi kukaa kwenye meza ya mbao isiyotandikwa kitambaa. Kwangu wote ni wazima, shamba linazaa, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Jumatatu iliyopita alikuja mama wa makamo, akapiga goti. "Shikamoo baba. Mimi ni binti wa Mama Zaina." Mama yake alifariki zamani. "Alishikilia mpaka mwisho kwamba hakumwita fundi," akaniambia. "Mimi nilikua naitwa mtoto wa mwizi. Kuna siku nilimwambia mama mwenyewe kwamba ni mwizi. Wewe ndiye fundi, baba. Sikuja kugombana. Niambie tu, mama alikuita?"

Nikamwambia nimezeeka, anipe mpaka Jumapili nikumbuke. Akanishukuru.

Ndugu zangu, sijasahau hata neno moja. Lakini nikisema hakuniita yeye, itabidi niseme aliyeniita. Mwenyekiti yule ni marehemu, na binti yake ndiye mke wangu. Kila Krismasi hulifagia kaburi la baba yake na kumwombea kama mtu mwadilifu. Atajua baba yake alikuwa mwizi, na atajua nilivyompata yeye. Nikinyamaza, yule mwingine atarudi Korogwe akiamini kwamba mama yake alimdanganya mpaka anakufa.

Mke wangu hajui lolote. Alimwona mgeni ametoka mbali, akamwambia asiende kulipia gesti, alale kwetu. Leo ni Ijumaa. Hivi ninavyoandika wako jikoni wawili hao, wanamenya viazi, nawasikia wakicheka kama dada na dada. Nishaurini kabla ya Jumapili. Nimwite yupi kwanza?